Keratini Haifutwi

Dunedin, 6 Agosti 2016

Shangazi Elspeth,

Mimi mzima, ila baridi. Naituma hii kwa anwani ya banda la bosi wako Garth la kukatia sufu kwa sababu Agosti hii najua uko huko na kondoo wenye mimba, na simu ndiyo hivyo tena. Mara ya mwisho nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta, nawe ukanijibu kwamba ndiyo, mvua imenyesha. Mashine za kukatia sufu zimekumaliza masikio, basi tubaki na kalamu.

Uliniuliza kile kipande cha ngozi yako ulichotupatia tunakifanyia nini. Nakueleza, na usiseme hujaelewa, maana utaelewa kuliko wanafunzi wangu.

Ndani ya seli moja ya ngozi kuna protini maelfu, na hakuna inayofanya kazi peke yake. Zinashikana, zinaegemeana, zinapokezana mizigo. Ukitaka kujua protini fulani ina kazi gani, uliza kwanza inasimama na nani. Zamani watu waliivunja seli wakatazama nini kimeng'ang'ania nini. Lakini ukibomoa nyumba, waliokuwa vyumba tofauti wanaangukiana. Sisi tunataka kuwajua majirani nyumba ikiwa bado imesimama na wenyewe wako hai.

Unakumbuka babu alivyokuwa akimfunga kondoo dume rangi kifuani mwezi wa Aprili? Asubuhi unatazama migongo ya majike, unajua nani alisogelewa na nani bado, bila mtu kukaa zizini kuchungulia. Ndivyo tunavyofanya. Ile protini yenye kosa katika ukoo wetu, namba 61, tumeifungia kimeng'enya kinachopaka. Kila inayoisogelea inapakwa. Baadaye tunaivunja seli, tunazivua zilizopakwa kwa sumaku, tunaziosha, tunazikatakata na kupima vipande kwenye mizani kubwa. Uzito wa kipande unatupa jina la mwenyewe.

Nina visahani viwili. Kimoja kina seli zako, zenye kosa. Kingine kina zangu, maana nilizaliwa na miguu ya mama na malengelenge yenu hayakunipata. Mimi na wewe tunakaa kwenye joto pamoja usiku na mchana, tumefunikwa vizuri.

Na Shangazi, jirani nimempata. Kwangu, namba 61 imesimama bega kwa bega na keratini, zile kamba zinazoizuia ngozi isichanike. Kwako keratini haikupakwa kabisa. Kama ni kweli, basi hilo ndilo jambo lenyewe: ngozi yako haina aliyeshika kamba. Daktari wako wa mjini Gore alisema akipata sababu ataandika jina la ugonjwa, aache kuandika "huenda ni viatu". Halafu Garth atakuacha ukae kwenye kiti chako bila kukuita mvivu.

Jumatano ya tarehe 24 namwonyesha Profesa Tarrant, mkuu wa maabara. Sweta uliyonifumia siivui, hata chini ya koti jeupe la maabara. Hapa wanatugandisha kama nyama.

Mwanao,
Rhona


Bandani, 19 Agosti 2016

Mwanangu Rhona,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti mbele ya mpishi wa banda, Winnie, naye akacheka pale pa kondoo dume mpaka akaunguza mikate ya jibini. Kwa hiyo chuo kikuu chote hicho, na majengo yote yale, mnafanya kazi ya babu yako na kopo lake la rangi. Ningejua ningekaa shule.

Nimeelewa. Mwenzako hajui kusoma sana lakini sufu anaijua. Manyoya yanatupwa mezani, nayashika, nayavuta karibu na sikio langu zima kusikia kama nyuzi zinakatika, nasema hii inaenda robota lile, hii lile. Nawe unashika vitu visivyoonekana na kusema hiki ni jirani wa kile. Ni kazi moja. Yako ina harufu nzuri zaidi, basi.

Hapa kwema. Garth anapiga kelele kama kawaida yake, nami namshukuru Mungu kwa uziwi. Miguu haijambo. Usiniulize ya miguu kila barua, mimi siyo miguu tu.

Kula vizuri. Mizizi ya swidi ya mwaka huu ni mitamu, nitakutumia gunia.

Shangazi yako,
Elspeth


Maabara, 26 Agosti 2016

Kwa Rhona Muirhead,

Baada ya kikao cha Jumatano, naona ni vyema niweke maneno yangu kwenye maandishi.

Keratini inafutwa kwenye kila orodha inayotoka katika maabara hii, na mashine imepangwa kuifuta kabla mtu hajaiona. Wewe uliirudisha kwa mkono. Keratini ni vumbi la binadamu. Inatoka kwenye vidole, shingo na nywele za anayefanya kazi, na katika miaka ishirini na sita sijaona sampuli isiyokuwa nayo. Kuiona si ugunduzi.

Wewe mwenyewe umeleta ushahidi dhidi yako. Orodha yako ina keratini ya kondoo. Karibu sote tuliokuwa kikaoni tulicheka, nami nasikitika kwa hilo, lakini ukweli ni kwamba uliingia na sweta ya sufu mahali ambapo hairuhusiwi. Aliyemwingiza kondoo kwenye kisahani atatuaminishaje kwamba hakujiingiza yeye mwenyewe?

Ripoti inatoka mwisho wa Oktoba. Ama keratini iondoke humo, ama jina lako. Mpaka uamue, sampuli zako hazitapimwa kwenye mizani kubwa.

Winslow Tarrant


Dunedin, 3 Septemba 2016

Shangazi,

Kila kitu kinakwenda vizuri. Profesa amefurahi, ila anataka muda kidogo wa kutazama. Kazi nyingi, ndiyo maana naandika kwa ufupi.

Swali dogo tu, wala halina maana. Sufu ya ile sweta ilitoka kwa kondoo gani, na uliifua mara ngapi?

Rhona


(Nyuma ya bahasha hiyohiyo, kwa kalamu ya kuwekea alama marobota)

9 Septemba. Rudisha kwa mtumaji. Hayupo hapa tangu Julai.
G. Pomeroy


Dunedin, 14 Septemba 2016

Shangazi,

Hii naituma nyumbani kwako Mataura, maana huko ndiko uliko. Barua yangu imerudi na mwandiko wa Garth mgongoni. Tangu Julai. Yaani Agosti 19 ulikaa jikoni kwako ukaandika "Bandani" juu ya karatasi bila haya, ukamsingizia na Winnie.

Ningekukasirikia zaidi, lakini nami ndani ya bahasha iliyorudi nilikuwa nimekudanganya. Naiambatanisha uione, pamoja na barua ya Profesa. Zisome zote mbili uone familia hii ilivyo.

Walicheka, Shangazi. Watu kumi na wanne mezani. Mmoja alitoa sauti ya kondoo. Profesa akasema nifute keratini palepale, kompyuta ikiwa mbele yangu na kidole kikiwa juu ya kitufe, ni kubonyeza tu, halafu tule keki ya mtu aliyezaliwa siku hiyo. Sikubonyeza. Nikamwambia, "Profesa, hii ni ngozi tunayoichunguza. Ukifuta keratini kwenye ngozi umebakiza nini?" Akanijibu kwamba amebakiza sayansi. Nikachukua kipande changu cha keki nikaondoka.

Sasa nasikia hasira na aibu kwa pamoja, na aibu inaniuma zaidi kwa sababu juu ya sweta ana haki. Nilijua kanuni. Nilivaa kwa sababu ni yako na kwa sababu ya baridi. Lakini kosa langu la sweta halifuti kitu kingine: kama lilikuwa vumbi langu, mbona halikuanguka kwenye kisahani chako? Mikono ni ileile, siku ni ileile. Nilimuuliza hilo. Akasema bahati.

Niambie ukweli, na mimi nitakuambia. Nini kilitokea Julai?

Rhona


Mataura, 21 Septemba 2016

Mwanangu,

Haya, umenikamata. Winnie sikumsingizia. Ndiye aliyeniletea barua yako hapa nyumbani, na mikate kweli aliiunguza, ila ni kwenye jiko langu.

Julai ilikuwa hivi. Siku ya tatu ya kazi nyayo zilipasuka zote mbili, mabuti yakajaa maji ya malengelenge, nikavuta kile kiti cha kukamulia nikakaa mezani kwangu. Garth akaja. Akasema mbele ya kila mtu kwamba mpanga madaraja ya sufu anayekaa ni kama mchungaji anayelala. Akasema wanawake wote wa kwao walivaa mabuti na hakuna aliyelia. Nikamwambia sijalia. Akasema nimletee karatasi ya daktari yenye jina la ugonjwa kabla ya tarehe mosi Desemba, siyo hiyo ya "huenda". Nisipoleta, meza anapewa mtu mwingine. Nikaondoka siku ileile, niko nyumbani tangu hapo. Miaka thelathini na moja, Rhona. Meza ile ina alama ya viwiko vyangu.

Sikukuambia kwa sababu nilijua utaacha kazi uje kumtukana, na ungemtukana vibaya, unavyofanana na mama yako.

Baba yangu alikuwa na miguu hii. Aliitwa mzembe mpaka kaburini, na mimi nilikuwa mdogo nikaamini, na nilimwonea haya. Hilo sijawahi kumwambia mtu. Kwa hiyo keratini yako hiyo, hata sijui inafananaje, sitaki ifutwe.

Sweta niliifua mara tatu, na sufu ni ya wale kondoo weupe wa Riversdale, hakuna safi kuliko hiyo kisiwa kizima. Imeniuma kusikia wameicheka, siwezi kusema haijaniuma. Lakini kama kanuni inasema ivuliwe, ivue. Mimi bandani simruhusu mtu na mfuko wa nailoni, uzi mmoja tu wa nailoni ukiingia robotani kiwanda kinarudisha mzigo wote. Kila nyumba ina mwiko wake. Umevunja mwiko wa watu, kubali, endelea.

Sasa nisikilize. Tatizo lako ni kondoo wageni kuchanganyika na wako, na wote wanafanana. Je, mkulima hufanya nini? Huwatia alama ya sikio wakiwa wadogo, kabla hawajatoka zizini. Baadaye hata wakichanganyika na wa jirani, anashika sikio tu. Hamna alama ya sikio huko? Haiwezekani watu wazima na shahada zao wafute kundi zima kwa kuogopa mgeni mmoja.

Nimemwandikia profesa wako. Usinizuie, imeshaondoka.

Shangazi


Mataura, 22 Septemba 2016

Kwa Profesa Tarrant,

Mimi ni Elspeth Muirhead. Hunijui, lakini ngozi yangu unayo.

Nimesoma barua uliyompa Rhona. Juu ya sweta una haki, na mimi ndiye niliyeifuma, kwa hiyo nusu ya kosa niandikie mimi.

Juu ya hilo jingine huna haki. Napanga madaraja ya sufu miaka thelathini na moja. Mezani kwangu hakuna kinachoitwa uchafu kabla sijakishika. Sufu ya tumboni ina robota lake, ya miguuni ina robota lake, hata yenye mavi ina robota lake na mnunuzi wake. Anayetupa bila kutazama, hata awe ametupa miaka ishirini na sita, sisi huku hatumwiti fundi.

Ile fomu mliyonipa nitie sahihi ninayo hapa, nimeibandika kwenye friji. Ukurasa wa tatu unasema naweza kuiondoa ngozi yangu siku yoyote bila kutoa sababu. Basi chagua. Mfungulie Rhona mizani yako kwa wiki moja, apime anavyotaka yeye, na matokeo yakubaliwe yawe mabaya au mazuri. Ama unirudishie ngozi yangu, yote, hata ile iliyozaliana kwenye visahani, na ripoti yako uitoe bila mimi.

Napenda jibu kwa barua. Simu sisikii.

Elspeth Muirhead


Dunedin, 5 Oktoba 2016

Shangazi,

Sijui ulimwandikia nini. Alipita mezani kwangu uso umemwiva kama kamba wa kuchemsha, akaweka ufunguo wa chumba cha mizani, akasema, "Wiki ya tarehe ishirini na nne. Shangazi yako ni mtu mgumu." Nikamwambia hajakuona ukiwa umekasirika.

Kuhusu alama ya sikio. Nilikaa na barua yako nikacheka peke yangu, kisha nikaacha kucheka, maana ipo. Haikubuniwa na mimi, maabara nyingine wanaitumia kwa kazi nyingine, na kwetu nilikuwa nimeiona kama mzunguko mrefu usio na haja. Ni hivi. Seli hujenga protini kwa vile inavyolishwa. Nikizilisha chakula kilekile lakini kizito zaidi kidogo, kizito kwa kiasi ambacho seli haijui na mizani inajua, basi baada ya majuma matatu kila protini iliyojengwa humo ndani ni nzito. Kila moja, na keratini ikiwemo. Lakini vumbi la vidole vyangu halikula chakula hicho. Wala kondoo wa Riversdale hakukila. Wao watakuwa wepesi. Mizani itashika sikio.

Nilianza kuzilisha siku ileile barua yako ilipofika, kabla ufunguo haujaja, bila kumuuliza mtu. Losa anayeendesha mizani, Msamoa mmoja asiyecheka ovyo, na ambaye kikaoni hakucheka pia, ananilindia nafasi. Amenipa na koti la pamba lenye mikono ya kubana. Sweta yako iko nyumbani juu ya kiti, naivaa nikirudi.

Nikuambie ukweli kama tulivyokubaliana: naogopa. Ikitoka nyepesi, basi Profesa alikuwa sahihi tangu mwanzo, lilikuwa vumbi langu, na mimi ndiye nitakayekuwa nimekunyima karatasi yako kwa kukupa matumaini ya uongo. Jina langu nitalitoa mwenyewe. Yako sijui nitakuambiaje.

Rhona


Mataura, 11 Oktoba 2016

Rhona,

Utaniambia hivi: "Shangazi, ilikuwa vumbi." Nami nitasema sawa, nitaweka birika motoni, na miguu itauma kama ilivyouma jana. Sijafika miaka hamsini na nane kwa kudanganywa.

Pima.

Elspeth


Dunedin, 29 Oktoba 2016

Shangazi yangu,

Ni nzito.

Nilipima mara tatu, siku tatu tofauti, visahani vipya kila mara. Losa alificha majina ya visahani akaviita A na B, ili hata mimi nisijue kipi ni chako mpaka mwisho. Kwenye A, keratini ilipakwa na namba 61, nyingi, na karibu yote nzito. Imejengwa humo humo, ndani ya seli hai, imesimama karibu na namba 61 ikapakwa. Kwenye B majirani wengine wote wapo, wamepakwa, wazito. Keratini mzito peke yake hayupo. Palikuwa na keratini nyepesi kidogo kwenye vyote viwili, hiyo ni ya kwangu, vumbi la kweli, na hiyo tumeifuta bila ugomvi.

Losa akafungua karatasi. B ni wewe.

Sijui kama ni habari njema, Shangazi, ni habari tu. Namba 61 yako ina kosa dogo mahali pa kushikia, haikamati kamba, na kila unaposimama siku nzima seli zinapasuka pale chini. Hiyo haina dawa leo, sitakudanganya. Lakini siyo viatu. Haikuwa viatu hata siku moja. Wala baba yako hakuwa mzembe. Nilipoandika mstari huo kwenye daftari la maabara nililia, na Losa akatoka nje akaniachia chumba.

Nilipeleka kwa Profesa Ijumaa. Alisoma amesimama. Akasoma tena amekaa. Akauliza kama na kondoo alikuwemo. Nikamwambia ndiyo, bado, mwepesi, kidogo tu, ingawa sweta ilikuwa nyumbani majuma matatu. Akasema katika nchi hii labda yuko hewani. Halafu akaniuliza tena, taratibu, kama nina uhakika keratini ibaki kwenye orodha, nami nikamwambia, "Keratini haifutwi. Hata ukiitoa ripoti kesho, hata ukinitoa mimi." Akachukua kalamu akaandika "ibaki" pembeni.

Jina langu nalo limebaki.

Rhona


Maabara, 8 Novemba 2016

Mpendwa Bi. Muirhead,

Barua ya matokeo imekwenda kwa daktari wako wa Gore, imetiwa sahihi na mimi na mpwa wako. Ameniahidi kukuandikia cheti chenye jina la ugonjwa kabla ya mwisho wa mwezi.

Nilikosea juu ya keratini. Sikukosea juu ya sweta.

Mashine yetu haitaifuta tena kabla mtu hajaitazama. Naomba pia ruhusa yako tuendelee kutunza seli zako. Ukikataa, nitazirudisha zote, hata zile zilizozaliana, kama ulivyosema.

Wako kwa heshima,
Winslow Tarrant


Mataura, 4 Desemba 2016

Mwanangu Rhona,

Mwambie profesa ngozi abaki nayo, mimi ninayo nyingine. Ameandika barua ya mtu mzima, nimeibandika kwenye friji badala ya ile fomu.

Cheti kilikuja Jumanne ya mwisho ya Novemba, jina refu mpaka limeshuka mstari wa pili. Jumatano asubuhi nikaenda bandani. Sikumpigia mtu wala sikumwandikia. Nilivaa zile ndara za ngozi ya kondoo, sikutaka kuingia kwa Garth na mabuti tena. Nilibeba kiti cha kukamulia mkono mmoja, mkono mwingine nikabeba msumeno.

Kazi ikasimama. Garth akauliza msumeno wa nini. Nikampa karatasi kwanza. Akaisoma, midomo ikimchezacheza, akaisoma tena, akasema, basi haikuwa mabuti. Nikasema haikuwa. Akashusha sauti, na Garth kushusha sauti hata mimi kiziwi nilikusikia. Kisha akasema sawa, atatuma mtu aniletee kiti kizuri chenye mto, nikae pembeni, na yule kijana mpya wa Lumsden asimame mezani, nimwelekeze.

Rhona, ningekuwa bado ni yule wa Julai ningekubali. Ningeshukuru. Lakini nilikukumbuka na kidole chako juu ya kitufe.

Nikamwambia, "Garth, kiti ninacho. Kilichobaki ni meza."

Nikapiga magoti, sijui nilipata wapi nguvu, nikaanza kukata mguu wa kwanza. Meza yangu ya kukagulia, siyo ile kubwa ya wote, hiyo siigusi. Niliomba mtu aje anizuie, kwa sauti, kwamba anayetaka kunizuia aje. Hakuja mtu. Mguu wa pili Winnie akatoka jikoni akaushika usiteleze. Wa tatu akaukata mkataji mmoja aliyeona aibu. Wa nne akaukata Garth mwenyewe, amepindika, shati limetoka nje, akaukata upande, mpaka leo meza inacheza kidogo kwenye kona ile na nimekataa isitengenezwe.

Nikakaa. Viwiko vikafika pale pale palipo na alama yake. Manyoya ya kwanza yakatupwa mbele yangu, nikayashika, nikayavuta sikioni. Sufu nzuri sana. Nimepanga marobota sitini na mawili tangu siku ile, na jioni natembea kwenda kwenye gari.

Nilipita makaburini pia, kwa baba. Sikusema mengi. Nilimsomea jina la ugonjwa, lote, mpaka mstari wa pili, nikamwomba msamaha.

Ndani ya kifurushi hiki kuna sweta nyingine. Ni ya pamba. Nimeifuma huku nikilalamika, pamba haina roho, lakini kwenye chumba cha mizani utavaa hii na hakuna atakayetoa sauti ya kondoo. Kuna na kipande cha mti. Ni mguu wa meza, ule wa Garth, uliokatwa upande. Mpe profesa aweke juu ya kompyuta yake, mahali pa ile mashine inayofuta.

Mguu huo bado una sufu kwenye nyufa. Mwambie asiipanguse kabla hajaitazama.

Shangazi yako,
Elspeth